Dizeli ya Uwani

Jumanne, 8 Julai

Leo nimeachana na umaskini. Bado sijamwambia mtu.

Nimeona kwenye simu. Bwana mmoja anakatakata matairi mabovu, anayashindilia kwenye pipa, anafunga kifuniko, anawasha moto chini. Mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa majini. Upande wa pili inatoka dizeli! Na mimi, Mikidadi, fundi pancha wa Njoro hapa mjini Moshi miaka kumi na tisa, nimekalia kisima cha mafuta bila kujua!

Nimehesabu matairi yangu. Ishirini na tisa, na moja ambalo mke wangu Mwantum amepandia mchicha. Nimeung'oa mchicha. Thelathini.

Shemeji yangu Swaleh, kaka yake Mwantum, anashona kandambili za matairi kibanda cha mkabala. Miaka yote anajichukulia kwangu bure. Nimemwambia basi, sasa nina kazi nayo. Akauliza kazi gani. Nikasema asubiri ataona. Akasema bado anasubiri uyoga niliosema nitaotesha mwaka jana.

Watu wengine hawasahau.

Jumatano, 9 Julai

Pipa limepatikana. Lilikuwa la maji, la Mwantum. Akataka nimpe sababu moja ya kulichukua. Nikampa tatu. Hakuipenda hata moja.

Bahati nzuri ana shughuli. Jumapili inakuja posa ya binti yetu Hajira. Wajumbe wanatoka Rau, wakiongozwa na Mzee Yassin, baba mkubwa wa kijana. Sifa zake zimetangulia. Anaweza kupunguza mahari kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, huku akiomba chai nyingine kila mwenyeji anapotaka kupumua.

Hajira ni fundi cherehani. Mahari anayotaka ni cherehani ya umeme, basi. Amenishika mkono: "Baba, nakujua. Usilegee."

Mimi? Nilegee?

Alhamisi, 10 Julai

Nimewasha!

Moshi ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Na kwa baridi hii ya Julai mawingu yamekaa chini, kwa hiyo haukupanda. Ulitandaa uwani ukatulia kama mgeni aliyekuja kulala. Shuka nyeupe za jirani, Bi Hadija, zikawa na mistari ya punda milia. Akaja nazo. Nikamwamkia shikamoo. Alinijibu kwa shuka, ya kichwa. Akasema amezaliwa Moshi lakini hajawahi kuishi ndani yake.

Dizeli: hata tone.

Swaleh alileta kiti chake akakaa kutazama. Na karanga.

Ijumaa, 11 Julai

Kosa limejulikana. Bomba liliziba. Nimelizibua kwa waya. Kifuniko nimekizungushia udongo.

Mchana amepita Filemon wa Kilema kuziba pancha ya pikipiki. Ana mashine ya kusaga kule juu. Nikamweleza. Akasema ikizungusha mashine yake atachukua yote nitakayotengeneza. Mteja kabla ya bidhaa! Swaleh alisikia. Nilihakikisha anasikia.

Jumamosi, 12 Julai

TONE!

Jeusi. Linanuka. Zuri mno! Mwantum akaja mbio na unga mikononi, alikuwa anakanda maandazi. Akanusa. Akasema kesho asione hata kibiriti uwani. Nikakubali.

Jioni chupa ilikuwa nusu. Hajira akaiinua kwenye mwanga, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, kumbe umetengeneza kweli!" Machozi yakanilengalenga. Ni moshi tu.

Jumapili, 13 Julai

Niliahidi. Lakini wageni ni wa saa nane, na saa nne asubuhi uwa ulikuwa mtupu. Niliweka kuni mbili tu. Labda tano.

Wajumbe wakafika, wakakaribishwa, chai ikamiminwa. Mzee Yassin akajiweka sawa kitini kama mtu aliyekuja kukaa wiki nzima.

"Sasa, kuhusu hiyo cherehani..."

Nje, kifuniko kikapumua. Moshi ukaingia dirishani.

"Nasema, cherehani ya umeme..." Akakohoa. Wakakohoa wote. Shangazi wa kijana akajifunika mtandio uso mzima. Mwantum alinitazama. Sitaandika alivyonitazama.

"Tumekubali!" Mzee Yassin akapiga kelele. "Cherehani, ya umeme, na meza yake! Ombeni dua tutoke!"

Dua fupi kuliko zote nilizowahi kuitikia. Dakika kumi, posa imekwisha! Tukala pilau nje kwenye mikeka, upande usio na moshi. Majirani walipomwona Mzee Yassin anafuta macho mekundu walidhani analia kwa furaha, wakapiga vigelegele. Bi Hadija ndiye aliyeanza.

Mwantum alijiandaa kunigombeza. Alifungua mdomo, kikatoka kicheko. Tulicheka mpaka tukashikana.

Jumatatu, 14 Julai

Kilema, na chupa yangu. Filemon akamimina. Mashine ikazunguka! Ikanguruma! Watu wakatoka migombani kushangilia. Mkewe, Dominika, akacheza na debe la mahindi kichwani.

Ilidumu kama dua ya jana. Kisha ikapiga chafya, ikatema masizi, unga wa Dominika ukawa rangi ya saruji. Filemon akaniuliza kwa upole kama najua gari la kushuka linaondoka saa ngapi. Dominika akanipa mkungu wa ndizi. Alisema hajacheka hivyo tangu Pasaka.

Jumanne, 15 Julai

Mwantum ameniapisha, mashahidi Bi Hadija na Swaleh: sitachoma tena tairi katika uwa huu. Nikaapa, mkono kifuani. Matairi yote yaliyobaki nikayabeba mwenyewe mpaka kwa Swaleh. Akanipa mkono. Karibu nilie.

Kisha nikarudi kibandani kupumzika, nikatazama juu. Kwenye misumari zimening'inia tyubu mbovu za miaka yote. Mia na kitu.

Tairi nimeapa. Tyubu hakuna aliyezitaja.