Bata Mzinga wa Maretadu

Jumamosi, 6 Machi 2004

Nimefika Maretadu! Shamba la marehemu baba sasa ni langu. Mteremko mzuri, hewa ya baridi. Nimesimama katikati nikavuta pumzi kama tajiri. Likizo yangu ya ukarani Babati ni mwezi mzima. Inatosha.

Nilimwamkia dada Hilaria shikamoo. Akaitikia, akanikabidhi jembe kabla sijashusha begi. Alisema mvua imekaribia, tupande mahindi na maharage kama alivyofanya baba. Nikamweleza kwa upole kwamba siku hizi ni soko huria. Mahindi kila mtu anayo. Bata mzinga je? Hakuna! Na hoteli za watalii kule Karatu zinawatafuta. Dada aliniangalia kama anavyomwangalia ndama mgonjwa, kisha akaenda kunisongea ugali.

Jioni akapita baba mdogo Sulle. Alisema ukoo umekaa ukaamua: shamba likilala msimu huu bila kulimwa, atapewa mwanawe, Basili. Basili! Yule aliyenitangulia hata kuanza kutembea. Atasubiri sana.

Jumatatu, 8 Machi

Bata wamefika kutoka Mbulu mjini, juu ya lori la kabichi. Dume ana kifua kama cha kiongozi wa gwaride. Nimempa jina Meneja. Majike wanne wanamfuata nyuma kwa adabu.

Kumbe Meneja hapendi rangi nyekundu. Dada alikuja na shuka jekundu. Sikujua kwamba mtu wa umri wake anaweza kupanda mti haraka namna ile. Akiwa huko juu alisema maneno ya Kiiraqw ambayo siyaandiki, maana tuko Kwaresima.

Basili naye alikuja kutazama. Aliuliza, kwa heshima zote, kama huyo ni kuku aliyeugua. Wivu mtupu.

Alhamisi, 11 Machi

Majike wamehama! Wameenda kwa Basili, kwa sababu mkewe Konsolata hupukuchua mahindi uani. Nilijificha nyuma ya ua wao nikawaita kwa sauti ya bata. Aliyeitika ni mbwa.

Baadaye Basili akawarudisha mwenyewe, wawili kila kwapa, na mayai yao ndani ya kofia yake. Hakudai chochote. Wema wa namna hii lazima una jambo ndani yake. Nitamchunguza.

Jumapili, 14 Machi

Mpango mzuri sana: matangazo! Nilimfunga Meneja nje ya kanisa ili waumini wamwone wakitoka. Sikufikiria habari ya mahubiri. Kila katekista alipopandisha sauti, Meneja alijibu. Katekista akinena toba, kolokolokolo! Akinena jehanamu, kolokolokolo! Mwishowe akauliza kama huyo ndugu aliyeko nje amebatizwa. Kanisa zima likaangua kicheko. Basili alicheka hadi akashika benchi.

Dada hakucheka. Njiani aliniambia taratibu kwamba majirani wote wameshalima, bado la baba tu. Nilimwahidi kulifikiria. Usiku sikula vizuri.

Jumanne, 16 Machi

Mvua! Radi moja tu, na Meneja akakata kamba akateremka bondeni. Nikamfuata kwenye tope asubuhi yote. Nilimkuta shuleni, kasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Walimu wote walikuwa ndani, wamefunga. Nilimbeba hadi nyumbani huku akinidonoa sikio.

Nilipofika, nikasimama. Shamba lote lilikuwa jeusi, limegeuzwa. Basili alikuwa akiongoza maksai wake, dada kashika plau, Konsolata nyuma anadondosha mbegu. Shamba langu!

Nilimuuliza Basili kwa nini, wakati angenyamaza tu lingekuwa lake. Akafuta matope usoni. Akasema, "Sasa ukikosa shamba, Joakimu, utakuja tena nyumbani kufanya nini?"

Ilinibidi niwatazame maksai kwa muda.

Dada hakunipa nafasi ya kusema asante. Alisema mstari wa mwisho wamenibakizia. Nikaupanda. Umepinda.

Jumapili, 28 Machi

Mahindi yameota! Baba mdogo Sulle amekagua, amenipa mkono, amesema shamba limebaki kwa mwenyewe. Nilimweleza kwamba siri ni usimamizi: wengine wanapolima, lazima awepo mtu wa kuangalia mbali. Basili alipaliwa na chai.

Bata wote, pamoja na Meneja, sasa wanaishi kwa Konsolata. Nahesabu kwamba nimefungua tawi.

Dada amenifungia maharage ya kwenda nayo Babati. Akanishika bega, akaniuliza, "Sasa umeelewa, mdogo wangu?" Nilimjibu kwamba nimeelewa kabisa.

Na kweli nimeelewa. Kosa lilikuwa udogo wa mnyama. Mnyama mdogo anapotea hovyo. Gidabuday, mfugaji wa Dirma niliyeongea naye mnadani, anajua pa kupata ngamia. Ngamia! Mrefu, mpole, hata akitoroka utamwona tu. Likizo yenyewe bado siku chache. Kesho napitia Dirma.

Dada Hilaria sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.