Mrija Mmoja wa Mtaa Wetu

Jumatatu, 2 Agosti 2021
Aibu! Tangu asubuhi watu tisa tu wamenawa kwenye ndoo yangu ya kukanyaga kwa mguu. Kwa Mukasine, mjitoleaji mwenzangu wa mtaa wa pili, foleni imefika barabarani. Mtendaji amesema Jumamosi atachagua mmoja wetu kuongoza vita ya korona mitaa yote ya huku. Atampa kipaza sauti. Kipaza sauti hicho ni changu. Nimeapa.

Jumatano, 4 Agosti
Nimepata! Mtaa huu haukimbilii maji, unakimbilia ikigage. Belise, mke wangu, ana mtungi mzima wa hiyo pombe ya mtama. Atakayenawa atapata funda moja. Belise kauliza kama mikusanyiko haijakatazwa. Nimemjibu hii si baa, ni afya. Nina kikohozi. Vumbi tu.

Ijumaa, 6 Agosti
Watu mia na kumi na wawili! Mzee Sebagabo, aliyekuwa haigusi hata sabuni, kanawa mara nne. Desturi nimeifuata: mwenyeji anaonja kwanza, mgeni ajue hamna sumu. Nimeonja kwa kila mgeni. Mrija mmoja, kama ndugu. Mukasine kaja kuchungulia, nikampa mrija, akakataa. Mbele ya watu! Wivu huo.

Jumamosi, 7 Agosti
Mtendaji kaja na wapimaji. Nikatangulia, niwe mfano. Nina korona. Wakauliza nimekutana na nani. Nikawapa daftari langu: majina yote, kwa zamu ya kunywa. Mtendaji akakaa chini.

Mukasine hakucheka. Aliniambia tu, "Bon, sawa, Papa Teta. Mikono ya watu iko safi kabisa. Na midomo?"

Mtaa mzima ndani siku kumi na nne. Kipaza sauti kimekwenda kwake.

Jumatano, 11 Agosti
Sebagabo ana homa. Naogopa kweli. Nashinda dirishani nikiutazama mlango wake. Mukasine amempelekea uji. Ameniletea na mimi. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 21 Agosti
Tumefunguliwa! Sebagabo amepona, wote wazima, Mungu asifiwe. Siku kumi na nne nimewaza, na kosa langu nimeliona: mrija ulikuwa mmoja. Jumatatu itakuwa miwili, wa wanaume na wa wanawake. Mukasine ataona.

Mimi mwenyeji nitaonja yote miwili.