Nilivyoipima Mizani ya Mahindi

Ndugu zangu wa kundi hili, leo nimejiaibisha mbele ya foleni nzima ya mahindi. Nasema mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Wiki nzima nimewaandikia humu kwamba mizani ya kituo cha kununulia mahindi inaendeshwa kwa simu kutoka Dar es Salaam. (Nani aliniambia? Hakuna. Niliwaza nikiota moto, nikajiamini.)

Leo nikaamua kuleta ushahidi. Alfajiri, baridi ya Sumbawanga ikiuma masikio, nikapita zahanati kupimwa uzito. Muuguzi akasema, "Babu, vua koti." Nikamjibu, "Binti yangu, unataka nife?" Kilo sitini na saba. Akaniandikia kwenye karatasi.

Saa sita, jua limeshawaka, nikafika kituoni na mke wangu. Nikavua koti, nikampa ashike. Nikapanda mizani kama gunia. Sitini na moja!

"Kilo sita zimekwenda wapi?" nikapaza sauti, karatasi juu. "Kama mimi naibiwa nikiwa macho, mahindi yenu je?"

Foleni ikalipuka! (Nilijiona mbunge.) Skola, mjane jirani yetu, akaondoa magunia yake kwenye foleni, akaanza kuyapakia kwenye lori la mlanguzi, yule anayenunua kwa lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kituo kununua.

Ndipo mke wangu akasema, "Baba Krispini, hili koti nitalishika mpaka lini? Mkono umekufa ganzi."

Foleni nzima ikaligeukia koti.

Karani wa mizani, kijana mpole, akasema, "Mama, hebu liweke hapa." Mifukoni mkatoka redio ya betri kubwa nne, majembe mawili mapya yasiyo na mipini, kufuli la ghala. Pamoja na koti lenyewe, kilo sita kamili!

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Karani akatoa jiwe la chuma la kilo ishirini, akaliweka kwenye mizani. Ishirini. "Kila mkulima ana haki ya kuomba hili," akasema.

"Mbona hukulitoa mapema?"

"Hukuuliza, mzee. Ulikuja na jibu."

Hilo liliniuma kuliko vicheko. Tumepunjwa kweli miaka mingi, ndiyo maana watu waliniamini haraka hivyo. Nami imani yao nimeichezea.

Skola alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Baba, nimepakia magunia mangapi kwa maneno yako?"

"Matano."

"Haya. Panda."

Nikapanda lorini. Tumeyashusha yote, yeye na mpagazi upande mmoja, mimi na aibu yangu upande wa pili. Yamepimwa kituo kikiwa karibu kufungwa. "Siku nyingine ukigundua siri," akaniambia, "anza na mkeo."

Sasa nimelala kifudifudi, mke wangu ananichua mgongo kwa mafuta ya moto. Tafadhali msimtumie vichekesho vyenu. Kila akicheka, anabonyeza.