Uzoefu Wangu wa Farasi

Jumapili, 3 Juni 2012
Getini. Jua la Uarabuni linanikaanga. Athumani, msimamizi wa zizi moja huko Muaither, anatafuta saisi wa kutunza farasi. Farasi wale wana AC! Mimi askari sina hata feni. Benard, tunayelala naye chumba kimoja hapa Industrial Area, naye anaitaka kazi hiyo. Uzoefu wake wote ni punda wa mkokoteni. Nimecheka sana.

Jumanne, 5 Juni
Rael, yaya huko Muaither, ameniazima riwaya anayomsomea binti wa bosi wake. Ameijalidi kwa khaki kama kitabu cha shule. Anasema ni mambo ya farasi, na mwandishi alikuwa mama mgonjwa wa miguu. Aliandika akiwa amelala, akafa punde kitabu kilipotoka. Maskini. Nimeanza katikati kuokoa muda.

Jumatano, 6 Juni
Msimulizi ni saisi hodari, sina shaka. Kila mara anauzwa. Nadhani ndicho Kiingereza cha kale cha kubadilishiwa kafili, yaani bosi mdhamini wa kibali chako. Kila bosi mpya anampa jina jipya. Mimi mwenyewe ni Silvesta, kampuni inaniita Silva. Nimelia kidogo bafuni. Kisha nikakariri maisha yake yote yawe yangu.

Ijumaa, 8 Juni
Usaili. Nilimweleza Athumani nimepitia mabosi wengi, nimekimbia usiku kucha kumleta daktari, nimevuta abiria mjini kwenye mvua, na nimewahi kuanguka nikaharibika magoti. Athumani, mtu wa Tanga, mpole, alisikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, kaka," akasema. "Na majani walikuwa wakikupa ya kutosha?"

Nikajibu kwamba bosi wa mwisho alikuwa mchoyo.

Benard aliulizwa atafanya nini farasi akigoma. Akasema atamsubiri. Ameajiriwa yeye.

Jumapili, 10 Juni
Getini tena. Benard ametuma picha akiwa kwenye AC, amejifunika blanketi. Inauma. Nilipomsimulia usaili, Rael alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaniambia msimulizi ni farasi mwenyewe. Kosa ni lake, angesema mapema.

Al Wukair kuna anayetafuta mtunza ngamia. Rael ameniazima kitabu kingine, kimejalidiwa khaki vilevile. Nimeanza katikati, muda ni mfupi. Jamaa amevuka jangwa na mizigo bila kunywa maji. Ana kinundu mgongoni, maskini, lakini mchapa kazi. Nakariri.