Kiti cha Nyapara na Sheria za Ulaya

Jumatatu, 4 Novemba. Chiungutwa.
Mgongo umekufa. Magunia ya korosho tangu alfajiri, huku Alfani, nyapara wetu, kakaa kivulini na soda. Kanipigia kelele mbele ya watu: "Vitalis Mngoni! Babu zako walibeba mikuki, wewe gunia ndilo linakubeba!" Ghala zima kicheko. Yeye Myao, mimi Mngoni wa Namtumbo, watani tangu enzi za vita. Sawa. Lakini kile kiti chake nakitaka.

Mchana kaja Bi Faidha, mkaguzi kutoka Dar, msemaji wa mnunuzi wa Ulaya. Kasema Ulaya wakinunua korosho, kanuni zao zinazifuata hadi hapa ghalani. Glavu. Maji safi. Na marufuku kumtukana mfanyakazi! Kaandika namba ya malalamiko ukutani kwa rangi. Mlalamikaji hatajwi. Oho!

Jumanne, 5 Novemba.
Nimepiga simu. Nikalia kidogo, kunogesha. Nimesema natukaniwa ukoo.

Alhamisi, 7 Novemba.
Balaa. Bi Faidha kaja na kanuni zake, kumbe ndani yake imeandikwa kwamba mila za mahali ziheshimiwe. Akamwuliza Mama Stamili, mwenye ghala, mila inasemaje. Mama akajibu bila kuacha kupepeta: mtani akikasirikia utani, analipa kuku. Nani kakasirika? Bi Faidha hakutaja jina. Alisema tu ni Mngoni mmoja aliyelia kwenye simu. Wote wakanigeukia.

Kuku nimelipa. Alfani ndiye aliyegawa. Mimi nikapewa shingo.

Ijumaa, 8 Novemba.
Haya, mila na iwe mila! Mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha mtani wake. Nikabeba kiti cha Alfani kweupe, nikakikalia. Raha iliyoje! Alfani mwenyewe akacheka, akasema halali yangu.

Bi Faidha hakucheka. Kwa kanuni za mnunuzi, kuchukua mali ya mwenzako kazini ni wizi. Onyo! Nikauliza ile mila ya jana imekwenda wapi. Akasema mila inaheshimiwa pale isipogongana na kanuni. Yaani kwenye kuku haikugongana, kwenye kiti imegongana! Sheria ya Ulaya, ya serikali, ya Mama Stamili, zote chungu kimoja kama kande, na mimi kila nikichota napata jiwe.

Jumatatu, 11 Novemba.
Alfani anahamia ghala la Mnyambe, kule Newala. Kiti ki wazi! Kutwa sikulalamika. Nilimwamkia Mama Stamili shikamoo kila nilipompita, mpaka akachoka kuitikia marahaba.

Jioni Anifa, mpishi wetu, kaniambia Alfani kamwomba Mama cheo ampe mtani wake. Mtani! Nani mwingine kama si Gideoni, Mngoni mwenzangu, anayemchekea Alfani hata akikohoa? Kanuni inakataza vyeo vya kujuana. Nimepiga simu hapo hapo.

Jumatano, 13 Novemba.
USHINDI! Bi Faidha kakubali, uteuzi umefutwa. Sheria ikipata mtu wa kuitumia, inafanya kazi! Kiti kapewa Anifa, ambaye hata hakukiomba.

Baadaye Alfani kaja kuniaga. Uso umemshuka. "Mngoni, nisamehe. Nilimwambia Mama, mgongo wa Vitalis umechoka, kiti mpe yeye. Akakubali. Halafu shetani mmoja akapiga simu."

Nikamlaani naye huyo shetani.

Alhamisi, 14 Novemba.
Magunia tena. Nimebeba huku nawaza. Aliyepiga simu ile kanidhulumu mimi, mfanyakazi. Kanuni inakataza kumdhulumu mfanyakazi. Na hakuna mahali iliposema mlalamikaji na mlalamikiwa wasiwe mtu mmoja.

Nimempigia Bi Faidha. Nimemshitaki huyo shetani aliyepiga simu. Nimeomba afukuzwe kazi.