Mto Umetulia, Mama Agnela

Jumatatu, 6 Mei 2024
Mkutano wa kijiji. Halmashauri inataka kununua mashamba ya kando ya mto, yale yaliyopitiwa na tope mwezi uliopita. Watapanda miti ya asili na mtu asijenge tena. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Tope lilichukua jiko letu, migomba na nusu ya kahawa, likasimama kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Nyumba bado ipo! Mke wangu Kandida alitoka kwa kupitia dirishani na kiatu kimoja, akaenda kwa dada yake mjini, kata ya Sokon I. Hajarudi. Nikiuza, atarudi wapi?

Jirani yangu Philemoni anataka shamba lake linunuliwe lote, pamoja na choo. Ameshaanza kuulizia bei ya pikipiki.

Ijumaa, 10 Mei
Amekuja mthamini wa wilaya, dada mmoja anaitwa Prisca. Ameweka vigingi vyekundu. Kilicho chini ya vigingi, upande wa mto, kitanunuliwa. Nyumba yangu iko chini. Nikamweleza kwamba mto huu hauna tabia hiyo, ulikasirika mara moja tu. Akauliza tope lile ukutani ni la nini. Nikasema tunapiga lipu.

Hakuandika kitu. Nina mpango.

Jumapili, 12 Mei
Mpango: watu wakiwa kanisani, nivishushe vigingi hadi mtoni, nyumba ibaki juu. Nikatoka katikati ya mahubiri nimeshika tumbo. Kufika shambani, namkuta Philemoni, naye alitoka ameshika tumbo, ana kigingi kwapani. Yeye alikuwa anavipandisha. Tukavutana kwa adabu, maana tulivaa suti. Mwishowe tukakubaliana virudi vilipokuwa. Hakuna aliyekumbuka vilikuwa wapi. Tukachomeka kwa kukisia. Nyumba yangu bado iko chini, na choo chake sasa kiko juu.

Philemoni hanisalimii.

Jumanne, 14 Mei
Nimempigia Kandida. Nikamwambia mto umetulia, hata nguo unaweza kufulia. Aje Jumapili aone tu, halafu aamue. Akauliza kama nakula. Nikajibu nakula vizuri sana. Nilikuwa na ndizi ya kuchoma mkononi, haina chumvi. Nimetafuta chumvi nyumba nzima. Baadaye nikakumbuka ilikuwa jikoni.

Jumapili, 19 Mei
Nilijiandaa. Nikapaka rangi ukuta hadi alama ya tope ikapotea, nikasimamisha jiko la mabati, nikapika loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, nikaweka kiti chake kielekee mlima. Amekuja. Mkoba hakuuweka chini. Lakini alipoliona jiko langu lilivyoinama, alicheka, akalisukuma kidogo kwa kidole, akacheka tena. Mwezi mzima nilikuwa nakitaka kicheko kile.

Halafu wingu likakaa juu ya mlima. Kwetu haikunyesha hata tone. Mto ukabadilika rangi, mawe yakaanza kugongana. Mimi nikazidi kupaza sauti nikimweleza habari za kahawa. Yeye alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Nikamwambia, "Hayo ni mawe tu, Mama Agnela."

"Baba Agnela, mimi sijauliza habari za shamba. Nauliza wewe unalala wapi mvua ikinyesha."

Nikasema kitandani. Akalia.

Nilimsindikiza hadi stendi ya Maji ya Chai. Njia nzima alishika mkono wa koti langu. Basi lilipokuja hakuuachia upesi.

Alhamisi, 23 Mei
Nimesaini karatasi za kuuza. Prisca aliuliza kama kuna mtu amegusa vigingi. Mimi na Philemoni tukaangalia mlima. Ikabidi vipimwe upya, choo kikarudi chini, Philemoni akanipa mkono.

Pale jikoni watapanda mti wa mringaringa. Nikaomba nipande huo mimi mwenyewe. Wakaniruhusu. Nimeushindilia udongo muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Prisca alisubiri na wala hakuniharakisha.

Jumamosi, 24 Agosti
Sokon I. Tunakaa kwa shemeji. Kandida analala usingizi mzito, amenenepa, anaimba akipika. Ni mimi nisiyelala. Hapa kuna baa, kuna mbwa, kuna geti la jirani. Nageuka upande ule na huu, naisubiri sauti ambayo haipo.

Leo dalali Hans amenionyesha kiwanja. Kizuri, mlima unauona wote. Kiko ukingoni kabisa mwa korongo. Majirani wamejenga mbali nalo, sijui kwa nini. Hans anaapa maji hayajapanda hadi pale miaka na miaka. Nikalala chali kwenye nyasi, nikafumba macho. Nikayasikia maji. Kwa chini sana, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Nimelipa papo hapo.

Mama Agnela sijamwambia. Nataka akija akute jiko limeshasimama, na dirisha lake linaangalia majini.