Kitabu Chini ya Goli

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo Chama cha Wasomaji Nyahanga kimepasuka vipande viwili. Nimekipasua mimi, na sijuti.

Ajenda ilikuwa moja: Nchi ya Namba, riwaya ya sehemu tatu iliyowashika vijana wote wa Kahama kama surua. Mwandishi ni binti wa Kambarage, Shinyanga mjini. Ana miaka ishirini na minne tu! Kisa chenyewe: nchi ya kubuni, watawala katili, kila mtoto akifika miaka kumi na tano anapewa namba. Mwenye namba witiri anashushwa ardhini kuchimba, na harudi.

Nikasimama. Nikasema ni takataka. Nikatoa hoja tatu. Kwanza, nchi nzima haina hata mtendaji wa kata. Pili, wahusika hawali. Huoni popote mtu akinawa mikono. Tatu, serikali ina kamera kila chumba na umeme haukatiki hata mara moja. Nani ataamini?

Mwalimu Generosa, mtunza maktaba wa shule yetu, akasema watoto wanaijua nchi hiyo kuliko mimi. Akauliza nimeisoma mpaka wapi. Nikajibu nimesoma vya kutosha. (Sehemu ya tatu, ukurasa wa kumi na moja. Nilianzia ya tatu ili kuokoa muda.) Vijana wakanizomea. Wazee watatu wakanipigia makofi, ingawa mmoja alikuwa anaua nzi.

Mwenyekiti Boaz, aliyestaafu posta na asiyestaafu Usukuma, akaamua ubishi uishe kama zinavyoisha ngoma za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya Kisukuma visivyopatana. Uwanja mmoja, saa ile ile, kila upande na onyesho lake. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Jumamosi ijayo, uwanja wa shule: Generosa goli la mashariki, mimi goli la magharibi. Saa kumi na moja jioni vichwa vinahesabiwa. Nikishinda, vitabu vinaondoka maktaba. Nikishindwa, nitasoma sehemu zote tatu kwa sauti mbele ya chama. Kurasa mia sita!

Sitashindwa.

Jumapili, 6 Oktoba

Usaliti ndani ya nyumba. Binti yangu Nyamizi, kidato cha tatu, yuko upande wa Generosa. Yeye ndiye atakayesoma sehemu ya tatu. Maktaba inayo ya kwanza na ya pili tu. Nakala ya tatu Nyahanga nzima ni ya kwake, ileile niliyoifungua mwezi wa tano.

Nikaichukua mezani kuitazama. Sasa pembeni mwa kila ukurasa kumeandikwa kwa penseli! Nikauliza nani kachafua kitabu. Akasema ni yeye na kaka yake. Wanabishana. Yeye anaona mwisho wa hadithi ni wa woga. Adam anaona ndio mwisho mzuri kuliko yote. Tangu mwezi wa sita wanarushiana kitabu hicho kwa basi la Geita, konda Chacha ndiye tarishi. Jana kimerudi, bado hajasoma alichojibiwa.

Nieleze kuhusu Adam. Walimu wenzangu wanajua yuko chuoni Mwanza. Ukweli, yuko machimboni, mbele ya Buseresere. Aliondoka mwaka jana, siku niliyomwambia kwamba matokeo kama yake ni aibu kwa nyumba ya mwalimu. Ana miaka kumi na tisa. Simu zangu hapokei. Lakini pembeni mwa takataka anaandika kurasa kwa kurasa!

Kwangu hajaandika hata mstari. Imeniuma sana. Nikainamia chai mpaka ikapoa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Onyesho langu: mhadhara, Udhaifu Kumi na Saba wa Nchi ya Namba. Nimeujaribu kwa kidato cha pili B. Kufikia udhaifu wa tano walikuwa wamelala, na yule wa dawati la nyuma alikoroma.

Jioni nikaenda kwa mzee Cornel. Zamani alikuwa manju, kiongozi wa ngoma mwenye dawa za kuvuta watu, asiye na mfano. Akianza kuimba, wapinzani walibaki na ngoma zao na mbwa. Nikamwamkia shikamoo. Nikamweleza nahitaji ushauri tu. Akasema ushauri ni jogoo mwekundu, na kitu cha upande wa pili, kitu wanachokipenda. Kinazikwa chini ya goli langu na hakifukuliwi mpaka vichwa vihesabiwe.

Nikamwambia mimi ni Mkatoliki mwenye stashahada. Akauliza tena kuhusu jogoo.

Jumanne, 8 Oktoba

Imefanyika! Nyamizi alikuwa shuleni, mama yake Hosiana sokoni. Kitabu kilikuwa chini ya mto. Nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikakifunga mara mbili. Saa tisa alasiri, mimi na Cornel uwanjani na futi ya fundi, tukijifanya tunapima goli. Watoto waliokuwa wanacheza wakauliza. Nikawaambia ni upimaji. Wakaondoka.

Kabla ya kufukia, Cornel akaniuliza kama nimekisoma, maana dawa hushika vizuri ukijua unachokizika. Kila mtu siku hizi mhakiki!

Mpango hauna kasoro. Dawa imo ardhini na Generosa hana mwisho wa kusoma.

Jumatano, 9 Oktoba

Nyumba imepinduliwa. Magodoro nje, masanduku nje. Nyamizi analia. Nikamsaidia kutafuta, nikainua hata kuku aliyeatamia. Kanidonoa.

Nikamshauri binti awe mtulivu, vitu hurudi vyenyewe. Hosiana akanitazama kwa muda mrefu, sahani mkononi. Sikupenda alivyonitazama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Redio, saa saba mchana. Duara, shimo la wachimbaji wadogo, limetitia machimboni, mbele ya Buseresere; jina lake wamelitaja. Wachimbaji wamo ndani, idadi haijulikani.

Hosiana akaangusha mwiko. Mayo wane, mama yangu, akasema, akakaa chini pale pale jikoni. Simu ya Adam imezimwa. Nyamizi akampigia Chacha wa basi. Chacha akasema Adam alihama duara wiki mbili zilizopita, yeye hajui kahamia lipi, lakini alimwambia kwamba kaandika kila kitu ndani ya kitabu. Jina la duara, zamu yake, anaochimba nao. Machimbo ya kule yako sehemu tatu na maduara hayahesabiki. Bila jina utamtafutia wapi mtu?

Nyamizi akaanza upya kutafuta, palepale alipokwisha tafuta.

Nikafungua mdomo. Nakiri, niliufungua kabisa. Kisha nikafikiri. Wachimbaji kule ni maelfu. Kwa nini awe wa kwangu? Mtoto wa mwalimu anajua kujiepusha. Tena nikisema, Nyahanga nzima itajua kwamba hakuna chuo Mwanza, na kwamba mwalimu wa fasihi anazika vitabu. Na Cornel alisema kisifukuliwe kabla ya hesabu. Siku mbili tu zimebaki.

Nikaufunga.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu, kubwa. Nikaenda uwanjani na mwavuli. Chini ya goli langu kuna dimbwi. Nikajiambia, nailoni, tena mara mbili.

Shuleni wakauliza mke wangu ana nini. Malaria, nikasema.

Mchana Generosa akaja nyumbani. Akaketi mkekani na Hosiana, akamshika mikono, akawa anamwita Mama Adam kwa sauti ya chini. Basi anajua kila kitu, hata habari ya Mwanza. Hakunisuta. Afadhali angenisuta! Akapendekeza shindano liahirishwe. Nikakataa. Nikamwambia ameogopa.

Hosiana hajalala tangu jana. Anapiga simu kwa kila mtu mwenye ndugu machimboni. Nyamizi anambonyezea namba. Nilitamani kumwambia. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona viatu vya Generosa bado viko pale, nikageuka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeshinda. Naandika kwanza hilo, maana hakuna mwingine atakayeliandika.

Saa tisa alasiri. Goli la mashariki Generosa ana wasichana watatu wanaosoma sehemu ya kwanza kwa kupokezana, na umati. Goli la magharibi nina wazee watatu na nzi. Nikaanza udhaifu wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa nne nikaona vichwa vya wazee wangu vinageuka.

Hosiana alikuwa anakatiza katikati ya uwanja. Khanga kaifunga kiunoni, jembe begani. Nyuma yake Nyamizi. Nyuma ya Nyamizi Cornel, ananyoosha kidole kwenye goli langu, na uso umemshuka. Hosiana alikuwa amekwenda kwake kuomba dawa ya kumwona mtoto. Cornel, kwa kutaka kumtuliza, akamwambia asihofu, familia yake iko katika mikono salama, hata dawa ya Mwalimu imeshika vizuri, kitabu kiko chini tangu Jumanne.

Hakunisalimia. Hakunitukana. Alichimba tu. Kila jembe likishuka, tope linaruka kwenye karatasi zangu.

Na watu wakaja. Kwanza vijana wa Generosa, kisha wote. Wakaja wa barabarani, wakaja wa sokoni, wakaja waliokuwa kwenye foleni ya maji na ndoo zao. Saa kumi na moja kamili Boaz akahesabu, maana ni mtu wa kanuni. Magharibi mia tatu na kumi na wawili. Mashariki viti vitatu.

Mfuko ulijaa maji. Lakini penseli haifutiki kwa maji. Nyamizi akabandua kurasa moja moja kwa kucha mpaka akapata alichotafuta, akasoma jina la duara kwa sauti. Ni lile lile la redioni.

Hosiana akakaa kwenye tope. Sauti aliyoitoa sitaiandika.

Nikainua mkono kuwashukuru waliohudhuria. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, shule imefungwa. Nyumba tupu. Hosiana, Nyamizi na Generosa waliondoka na basi la Chacha jana alfajiri. Sikualikwa.

Nyamizi amepiga simu mchana. Kaongea kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine. Walipofika, uokoaji kwenye duara lile ulikuwa umesimamishwa, maana kitabu cha majina hakikuwepo na ilidhaniwa wote wametoka. Mama yake akasimama mdomoni mwa duara na riwaya mkononi, akawasomea majina manne aliyoandika Adam pembeni, lake likiwemo, na njia waliyokuwa wanaifuata chini. Hakuondoka mpaka wakaanza tena kuchimba. Leo asubuhi wamewatoa. Wawili wamekufa. Wawili wazima.

Adam ni mzima. Mguu wa kushoto ulibanwa na jiwe siku nne. Umekatwa chini ya goti. Daktari kasema wangefika Ijumaa huenda angeuokoa.

Kisha nikauliza kama kitabu kimekauka. Akakata simu.

Nimekaa kwenye kiti cha Adam, kile kilichovunjika mgongo. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimelia mpaka kifua kikauma. Kisha nikampigia Boaz kumkumbusha kuhusu vitabu vya maktaba.

Alhamisi, 17 Oktoba

Chacha kaniletea kitabu, kimefungwa kwenye khanga ya Hosiana. Na ujumbe kutoka kwa Adam, hospitalini. Naruhusiwa kwenda kumwona kwa sharti moja. Nikisome chote, nimwambie nani yuko sahihi kuhusu mwisho, yeye au Nyamizi. Basi. Hadai niombe radhi. Hakutaja mguu.

Nyamizi kaongeza kwa simu kwamba nyuma kabisa, baada ya hadithi kuisha, kuna kurasa mbili zilizokuwa tupu, Adam ameniandikia mimi. Alizijaza kabla hajahama duara. Ila nisiruke kuzifuata, Adam kaomba. Asiyesoma hadithi hatazielewa.

Kurasa mbili! Kwangu! Nikanawa uso, nikavaa miwani, nikaketi.

Nikasoma. Kweli nilisoma. Moja, mbili, tano, tisa. Ukurasa wa kumi na moja. Kamera kila chumba, taa kila kona, umeme haukatiki. Na pembeni, mwandiko wa Nyamizi: Baba aliishia hapa. Chini yake, mwandiko wa Adam: Atarudi.

Kunisengenya pembeni ya kitabu! Watoto wangu mwenyewe! Damu ikanichemka. Nikakifunga.

Lakini sharti ni sharti na mimi si mjinga. Nimepata njia. Nimekata uzi wa kitabu kwa wembe, nimekigawa kwa kidato cha pili B, kila mmoja karatasi zake. Kazi ya nyumbani: muhtasari, mwisho Jumamosi asubuhi. Jumapili napanda basi la Chacha nikiwa na hadithi nzima mfukoni. Kuhusu mwisho nitasema wote wawili wako sahihi, hapo hakuna wa kununa.

Zile kurasa mbili za nyuma zilibaki mkononi, na aliyebaki bila karatasi ni yule wa dawati la nyuma, anayekoroma. Nikampa. Akauliza aandike kwa urefu gani. Nikamwambia sentensi moja inatosha.